Ncha ya Fimbo Hutangulia

Asiyeona akipita mtaani peke yake, wanaomtazama husema Mungu amemfidia kwa masikio makali. Wanasema kwa nia njema, lakini naona wanampunja. Yule mtu ana ufundi mkononi. Amefundishwa, amejikwaa, amerudia, mpaka mkono na mguu vikapatana, na anastahili kutazamwa kwa makini, jinsi tunavyosimama kumtazama seremala akipiga randa.

Anza na mkono. Umetulia mbele ya kitovu, bega halichezi. Kinachofanya kazi ni kifundo cha mkono. Fimbo yake nyeupe, ambayo ikisimamishwa humfika kifuani, huenda kushoto na kulia, ikizidi kidogo upana wa mabega, na ncha haipandi juu. Mguu wa kushoto unapokwenda mbele, ncha inagusa kulia. Wa kulia ukienda, inagusa kushoto. Kwa mtazamaji mgeni mambo yamekwenda kinyume. Kumbe ncha inakagua pale mguu ulioko nyuma utakapokanyaga sasa hivi. Mdundo ukiharibika, unyayo unaanza kutua mahali ambapo hapajaguswa, na kwa mitaro yetu isiyo na mifuniko, hatua moja ya namna hiyo inatosha kumvunja mtu mguu. Ndiyo maana mwenye ujuzi hakubali kuharakishwa. Akifika penye changarawe au matope hubadili mtindo: ncha haiinuki tena, inaburuzwa chini.

Mwendo huu una historia fupi kuliko tunavyodhani. Fimbo ni ya kale, na weupe wake ulienea baada ya 1931, Guilly d'Herbemont alipoanza kugawa fimbo nyeupe mjini Paris ili madereva wawatambue wasioona. Lakini fimbo hizo zilikuwa fupi, zilimtambulisha mtu zaidi ya kumwongoza. Mwaka 1944, katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, Pennsylvania, askari waliopofuka vitani walihitaji kutembea tena, na Richard Hoover, aliyewahi kuwa mwalimu wa wasioona, akawapa fimbo ndefu na nyepesi pamoja na namna ya kuitumia. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, mmoja wao Michael Supa ambaye mwenyewe alikuwa haoni, walichapisha majaribio yao juu ya wasioona wanaohisi ukuta kabla ya kuugusa. Wengi waliamini ngozi ya uso ndiyo inayohisi. Masikio yalipozibwa, watu wakaugonga ukuta. Kazi yote ilikuwa ya sikio: kusikiliza jinsi sauti ya hatua inavyorudi, na kujua, mahali isiporudi, kwamba ukuta umekatika na hapo pana uchochoro.

Kuvuka barabara ndiko kunakonistaajabisha kuliko yote. Penye taa, msafiri mzoefu hasogei kwa sababu tu magari yamenyamaza. Anajipanga kwanza, mwelekeo wake ukiwa sambamba na magari yanayopita ubavuni mwake, kwa kuwa akianza mshazari atajikuta katikati ya makutano. Kisha anangoja. Hata kama magari ya ubavuni tayari yanakwenda, anayaacha yamalize, maana hajui muda uliobaki. Injini za ubavuni zikiunguruma upya kwa pamoja, ndipo anapoondoka nazo. Na kwa kuwa kwetu magari hupita kushoto, sikio la kulia hutangulia kwa nusu ya kwanza ya barabara, la kushoto hupokea nusu ya pili. Bodaboda, isiyojali taa, humlazimu kusikiliza mpaka mguu uguse ukingo wa pili. Jenereta la dukani likiwa linanguruma, au mvua ikipiga mabati, mwenye busara hungoja au huomba msaada. Naihesabu subira hiyo kuwa sehemu ya ufundi wenyewe.

Fimbo nayo ina mipaka. Inasafisha njia kuanzia kiunoni kwenda chini. Turubai la machinga lililoshushwa, kioo cha lori lililoegeshwa juu ya njia ya miguu, tawi lisilokatwa, vyote vinampata usoni bila onyo. Haya si makosa yake hata kidogo. Ni yetu sisi tunaoziba njia.

Naye anayetaka kusaidia asimpigie kelele za "kulia! kushoto!", kwa kuwa anafunika sauti zilezile ambazo asiyeona anazitegemea, wala asiikamate fimbo. Aulize, "Ndugu, nikusaidie?" Akikubaliwa, atoe mkono. Mwenzake atamshika juu kidogo ya kiwiko na kubaki nyuma nusu hatua, na kwa kiwiko hicho peke yake atajua ngazi imeanza, inapanda au inashuka, na wapi imekwisha.