Jicho la Fundi na Manifoldi ya Corvette

Manifoldi ya kuingizia hewa hupokea hewa kutoka kwenye throto na kuigawa kwa kila silinda. Kwenye injini ya V8 hukaa bondeni, katikati ya safu mbili za silinda, ikiwa na chumba kimoja cha hewa na mirija minane inayoelekea kwenye silinda hedi. Ndani yake hakuna kinachozunguka wala kinachowaka. Hata hivyo ndiyo inayoamua, kwa sehemu kubwa, kama gari la michezo litavuta mapema au litaamka mshale wa mizunguko ukishapanda juu. Kumjua anayeweza kuichagua na kuitambua bila kubahatisha ni kumjua fundi aliyekomaa, maana kazi hiyo inadai hesabu, kumbukumbu na macho kwa pamoja.

Hesabu huanzia kwenye mawimbi. Pistoni inaposhuka huvuta hewa, na mvuto huo huzaa wimbi la shinikizo dogo linalopanda mrija kwa kasi ya sauti, yaani zaidi kidogo ya mita 340 kwa sekunde. Likifika kwenye chumba cha hewa hugeuka na kurudi likiwa wimbi la shinikizo kubwa. Likiiwahi valvu kabla haijafungwa, husukumiza ndani hewa ya ziada ambayo pistoni peke yake isingeivuta. Likichelewa, hukuta mlango umefungwa na faida yake hupotea. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja wa krankshafti huchukua sekunde 0.01 tu, na kwa mizunguko 3,000 muda huo ni maradufu. Ndiyo maana mrija mrefu huifaa injini inayozunguka polepole, na mfupi huifaa inayokwenda mbio. Hakuna urefu mmoja unaofaa kote. Anayeuza manifoldi na kudai kwamba inaongeza nguvu kila mahali hajaeleza alichokitoa ili kupata alichokipata.

Chrysler ya Marekani ilionyesha jambo hilo waziwazi mwaka 1960 kwenye gari lake la 300F. Injini yake ya inchi za ujazo 413 iliwekewa kabureta mbili, kila moja ikiwa imesogezwa pembeni kabisa na kulisha silinda za upande wa pili kwa mirija iliyokatiza juu ya injini. Mirija hiyo ilikuwa na urefu wa inchi 30, kama sentimita 76, na injini ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 375. Waliotaka mbio zaidi waliagiza toleo la nguvu farasi 400. Manifoldi ya toleo hilo kwa nje ilifanana na ile ya kawaida. Ndani, sehemu ya kuta zinazotenganisha mirija ilikuwa imeondolewa, hivyo hewa iliona mrija wa inchi 15 tu. Mtu angeweza kuzipanga mbili hizo mezani na asione tofauti mpaka achungulie matunduni. Ufundi wa kutambua manifoldi umejengwa juu ya tabia hiyo hiyo ya kutoridhika na umbo la nje.

Somo hilo linaonekana vizuri zaidi kwenye Corvette, gari la michezo la General Motors, ya kizazi cha tano, iliyotengenezwa kuanzia toleo la mwaka 1997 hadi 2004. Gari hilo lilikuja na injini mpya ya lita 5.7 iitwayo LS1, na manifoldi yake haikuwa ya alumini bali ya nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Plastiki hiyo ni nyepesi, haipitishi joto la injini kwenda kwenye hewa kwa haraka kama alumini, na kuta zake za ndani hutoka kwenye kalibu zikiwa laini. Mwaka 2001 lilipotoka toleo kali la Z06 lenye injini ya LS6 na nguvu farasi 385, lilikuja na manifoldi yake yenye chumba kikubwa zaidi. Mwaka huohuo General Motors iliiweka manifoldi hiyo hata kwenye LS1 ya kawaida. Kwa mwenye Corvette ya 1997 hadi 2000, sehemu ya kiwandani ikawa ndiyo nyongeza ya kwanza ya kutafuta, na imeendelea kuwa hivyo kwenye soko la mtumba.

Tatizo ni kwamba zikitazamwa kwa juu, mbili hizo ni ndugu wa tumbo moja: weusi uleule, mgongo uleule wa mirija iliyopinda, mdomo uleule wa throto wenye bolti tatu. Jibu liko chini. Fundi huipindua manifoldi na kutazama tumbo lake. LS1 ya mwanzo ina tumbo lililobonyezwa kuelekea ndani, kwa sababu injini za miaka ile zilikuwa na mabomba ya maji ya kupozea yaliyounganisha silinda hedi mbele na nyuma, na sakafu ya chumba ililazimika kuinuliwa iyapishe. LS6 ina tumbo bapa lililoshuka, na hapo ndipo nafasi ya ziada ya hewa ilipopatikana. Kutambua huko huchukua sekunde chache, lakini ni lazima mtu awe anajua kwa nini tumbo lilibonyezwa. Anayejua sababu hahitaji kukariri picha, na zaidi ya hayo anajua tayari kazi inayomngoja: tumbo bapa halitakaa juu ya mabomba ya nyuma. Mabomba hayo hutolewa, matundu yake ya nyuma huzibwa kwa vifuniko vya injini za baadaye, na maji hubaki yakitoka kwa mbele tu. Aliyenunua bila kupindua anaweza kugundua hayo siku ya kufunga, vifaa vikiwa vimeshafumuliwa.

Baada ya tumbo hutazamwa milango, yaani pale mrija unapokutana na silinda hedi. LS1, LS6 na injini iliyofuata, LS2 ya mwaka 2005, zina milango mirefu, myembamba, iliyochongoka juu mfano wa dirisha la kanisa kuu la kale, na mafundi wa Marekani huiita kwa jina la kanisa hilo. LS7 ya 2006 na LS3 ya 2008 zina milango mipana ya mstatili. Familia ni moja, lakini manifoldi ya LS3 haiwezi kufungwa kwenye hedi za LS1 hata ikipatikana bure. Mdomo wa throto nao una la kusema: LS1 na LS6 zina bolti tatu, wakati LS2 ina bolti nne na tundu la milimita 90. Ukubwa huo huwavutia wengi, ila LS2 kwenye injini hizi mara nyingi haikuizidi LS6. Tundu pana mbele ya mirija isiyolingana nalo halina msaada mkubwa.

Manifoldi za malori ya General Motors za enzi hizo zinastahili kutajwa kwa heshima. Zina milango ileile ya LS1, zinapatikana kwa wingi na kwa bei ndogo, na mirija yake huvuta vizuri katika mizunguko ya chini na ya kati. Kwenye gari la kawaida la mtaani zingekuwa chaguo la busara kabisa. Kinachozikataa ni boneti: zimeinuka mno, na Corvette ina pua ya chini. Fundi makini hupima nafasi iliyopo chini ya boneti kabla ya kupima nguvu, na kwa kipimo hicho hicho manifoldi ndefu za mashindano, zenye mirija iliyosimama wima, huondoka mezani mapema.

Za madukani, zilizotengenezwa na makampuni huru, huongozwa na FAST, iliyotoa matoleo ya polima yenye midomo ya milimita 90, 92 na baadaye 102. Uzuri wake mkubwa, kwa macho ya fundi, ni kwamba zinafunguka. Manifoldi ya kiwandani imechomelewa ikawa kipande kimoja, na mkono haufiki ndani. Ya FAST hufunguliwa kwa bolti, mirija ikatoka, ikachongwa, ikarudishwa. Lakini mdomo wake wa bolti nne hauipokei throto ya LS1, hivyo bei ya throto mpya na ya vifaa vingine vinavyobadilika lazima ihesabiwe pamoja na manifoldi yenyewe.

Uteuzi wenyewe hufanywa kwa kuitazama injini nzima. Kwa LS1 yenye kamshafti ya kiwandani, inayoendeshwa mjini na mara mojamoja barabara kuu, LS6 inatosha, na pesa iliyobaki ina kazi nyingine. Kwa injini iliyoongezwa ujazo, ikapewa kamshafti inayoacha valvu wazi kwa muda mrefu na hedi zilizochongwa, LS6 huanza kuibana kule juu, na hapo tundu la milimita 92 au 102 lina maana. Kununua kubwa kwanza na kutafuta injini ya kulingana nayo baadaye ni kosa la kawaida. Fundi bora katika ufundi huu ni yule anayeweza kumwambia mteja mwenye pesa kwamba hahitaji ile ya bei kubwa.

Kufunga kunataka mkono mwepesi. Bolti ni kumi, nazo hukazwa kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu mbili: nyutoni mita 5 kwanza, kisha 10. Ni kiasi kidogo, kwa kuwa kinachoziba ni mpira wa gasketi, na nguvu ya kupita kiasi huumiza plastiki. Injini ikiwaka, kompyuta yake hutoa ushahidi. Hewa hupimwa na sensa iliyo kabla ya throto, kwa hiyo hewa inayopenya kwenye gasketi haihesabiwi, na kompyuta hulazimika kuongeza mafuta kufidia. Nyongeza ikiwa kubwa gari likiwa limesimama, kisha ikapungua mizunguko inapopandishwa, hewa inapenya mahali. Ikiwa upande mmoja tu wa injini ndio unaodai mafuta zaidi, gasketi ya kukaguliwa ni ya upande huo.