Fundi wa Kujalidi Vitabu

Mwandishi tunamsifu, na mchapishaji jina lake limepigwa kwenye jalada. Fundi wa kujalidi haandikwi popote. Huletewa Msahafu uliochakaa, au ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliyopita mikono ya darasa zima mpaka kurasa za A na Z zikang'oka.

Kwanza hukibomoa kitabu. Hukwangua gundi kavu mgongoni kwa kisu butu, polepole, maana karatasi iliyozeeka huchanika bila taarifa. Kurasa zilizokatika huzibandika pamoja kwa vipande vyembamba vya karatasi, uzi upate pa kushika. Ndipo hushona, mkunjo baada ya mkunjo, kwa uzi uliopakwa nta: akiuvuta mno unakata karatasi, ukilegea kitabu kinacheza. Gundi ya unga anayobandikia nayo ina adui zake, mende na panya. Halafu kitabu hubanwa chini ya mbao na mawe kikauke. Wakati wa masika subira hiyo huwa ndefu.

Lakini kazi ninayoistaajabia ni kupanga kurasa ambazo namba zimeliwa. Inambidi asome mwisho wa sentensi hii, atafute mwanzo wa ile. Na bei yake bado tunaibishia.