Mzigo na Furushi

Washarika wa Itetemia hatuhitaji kufundishwa mzigo ni nini. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na babu za wengi wetu walibeba pembe za ndovu, kilo 30 hivi kwa mtu, mwendo wa miezi hadi pwani. Hapo jirani, Kwihara, Livingstone alikaa tangu Februari hadi Agosti 1872. Bidhaa alikuwa nazo. Aliokuwa akiwangoja ni wapagazi.

Ndiyo maana tunashangaa tusikiapo Wagalatia 6 ikihubiriwa. Mstari wa 2 unatuagiza tuchukuliane mizigo. Wa 5 unasema kila mtu ana furushi lake. Watafsiri wa Biblia ya Union waliweka maneno mawili kwa kuwa Paulo naye, kwa Kigiriki, alitumia mawili. Mpagazi angewaelewa papo hapo. Mzigo ni mali ya msafara. Furushi ni mkeka wake, chungu chake na posho yake. Mwenzao akiugua, waligawana mzigo wake. Hawakuutupa porini.

Mimbarani, hata hivyo, yote mawili yamekuwa mzigo, na mzigo umekuwa dhambi, deni, ugonjwa: kitu cha kutua msalabani na kwenda zako. Mfano huo ni halali, Bwana mwenyewe anawaita waliolemewa katika Mathayo 11. Ila ukirudiwa peke yake kila Jumapili, unaligeuza neno lenyewe, nalo likishageuka halibaki kanisani. Linafika nyumbani. Tunaletewa ombi: "Mtuombee, tuna mzigo." Tukiuliza, mzigo ni bibi aliyepooza. Hakuna aliyekusudia kumtukana bibi. Usemi ndio umemweka katika fungu la vitu vya kutuliwa.

Sokoni neno hili bado ni zima. Mwenye duka akisema mzigo umefika, anacheka. Hata waombaji wetu husema Mungu amewapa mzigo wa kuwaombea vijana, wala hawaombi waondolewe. (Ajabu, ni watu wale wale walioandika ombi la bibi.) Kwa maana hiyo bibi na aitwe mzigo, mali ya msafara mzima. Ombi lake tutalisoma, lakini tutauliza pia ni zamu ya nani usiku huu kumgeuza kitandani.