Madaftari ya Emerson

Mwandishi Mmarekani Ralph Waldo Emerson alianza kuweka shajara mwaka 1820, akiwa bado kijana mwanafunzi wa Harvard, na akaendelea nayo kwa zaidi ya miaka 50. Akitoka kutembea katika misitu ya Concord, Massachusetts, aliandika aliyoyaona na aliyoyawaza, mara nyingi sentensi moja moja, bila pupa ya kuziunganisha.

Ninachokistahi zaidi ni faharasa zake. Aliyarudia madaftari ya zamani, akaliweka kila wazo chini ya mada yake, ili siku akitaka kunena juu ya urafiki au maumbile ajue aanzie daftari gani, ukurasa upi. Hii ni kazi ya kuchosha, isiyoonwa na mtu. Kisha alichota humo, akapanga mhadhara, akausoma mbele ya watu, akaurekebisha, na hatimaye ndipo ukawa insha. Ile insha mashuhuri ya kujitegemea, iliyotoka 1841, ina sentensi zilizokaa daftarini kwa miaka kabla hazijapata mahali pake.

Wasomaji wengine hulalamika kwamba insha zake hurukaruka. Kweli zinarukaruka. Lakini soma polepole: kila sentensi imechongwa isimame yenyewe, isiegemee jirani yake. Hivyo ndivyo alivyotaka binadamu naye asimame.

Yeye mwenyewe alijifunza kusimama hivyo polepole. Mwaka 1838 alimwandikia Rais Van Buren wa Marekani barua ya kupinga kufukuzwa kwa Wacherokee, wenyeji wa asili wa Amerika, katika ardhi yao, huku shajarani akinung'unika kwamba jambo lile si la wito wake. Sheria ya 1850 ya kuwarudisha watumwa waliotoroka ilipowalazimisha hata watu wa majimbo ya kaskazini, yasiyo na utumwa, kusaidia kuwakamata, aliapa daftarini kwamba hataitii. Mei 1851 akaipinga sheria hiyo waziwazi mbele ya majirani zake wa Concord. Alipoirudia hotuba hiyo huko Cambridge, Massachusetts, alizomewa, na miongoni mwa waliomzomea walikuwamo vijana wa Harvard, chuo chake mwenyewe. Alisubiri kelele zipungue, akaendelea na sentensi iliyofuata.

Ukiyafuata madaftari hayo mwaka baada ya mwaka, unauona ujasiri ukitengenezwa kama insha zenyewe: unaandikwa faraghani, unasomwa tena, unakawia, halafu unatamkwa hadharani.