Kichupa cha Chanjo na Kalenda Tatu za Pwani ya Tanga

Miongoni mwa kazi ambazo kliniki ya mifugo hulazimika kuzifanya nje ya chumba cha matibabu, mojawapo iliyo ngumu kuliko inavyoonekana ni kumwambia mfugaji jambo linalomfaa kabla halijampata, na tangu simu janja zilipoenea mijini na vijijini kazi hiyo imehamia kwa kiasi kikubwa kwenye mitandao ya kijamii, hasa kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook na Instagram. Miongozo mingi inayoeleza nini kichapishwe katika mwezi gani imeandikwa katika nchi za baridi, na kwa hiyo huzungumzia fataki za Mwaka Mpya zinazowatisha mbwa, chokoleti za Krismasi, na sumu ya maji yanayotiwa katika injini za magari ili yasigande wakati wa theluji. Mwongozo wa namna hiyo ukitafsiriwa na kubandikwa kwenye ukurasa wa kliniki iliyopo Ngamiani au Muheza, kosa lake halitakuwa la lugha tu, kwa sababu hata ukisemwa kwa Kiswahili kitamu utakuwa bado unahesabu majira ya nchi nyingine.

Pwani ya kaskazini ya Tanzania, kuanzia Mkinga hadi Pangani, inaishi kwa kalenda tatu zinazokwenda sambamba bila kulingana. Ya kwanza ni ya serikali na shule, ambayo ndiyo yenye Wiki ya Maziwa inayoishia tarehe 1 Juni, sherehe za wakulima za Nane Nane, na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ya tarehe 28 Septemba. Ya pili ni ya mwezi mwandamo, inayoleta Ramadhani na Iddi, na ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 ikilinganishwa na ile ya kwanza. Ya tatu ni ya jua na pepo, yaani kaskazi na kusi, masika na vuli, kipupwe na demani, ambayo wazee wa pwani waliihesabu kuanzia Nairuzi, au Siku ya Mwaka, kwa miongo, kila mwongo ukiwa na siku 10, miongo 36 kwa mwaka na siku 5 za ziada. Vimelea havisomi kalenda ya ukutani, lakini mwenye mifugo huisoma, na hufuata pia ile ya mwezi mwandamo kwa fedha zake na ile ya mvua kwa majani yake. Kwa hiyo ujumbe wa msimu hauna budi kupita katika zote tatu.

Ndigana kali ni mfano ulio wazi kuliko yote. Huu ni ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa kahawia wa masikioni, na hata jina lake la Kiingereza limetokana na pwani hii ya Afrika Mashariki, kwa kuwa ng'ombe waliosafirishwa kutoka huku mwanzoni mwa karne ya 20 ndio waliohusishwa na vifo vikubwa vya mifugo kusini mwa bara. Mwanasayansi wa Kijerumani Robert Koch alikwisha kuviona vimelea hivyo katika damu ya ng'ombe mjini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890, ingawa alidhani ni ugonjwa mwingine. Mkoani Tanga maradhi haya yana uzito wa pekee, kwa sababu tangu miaka ya 1980, kupitia mradi wa ushirikiano wa Tanzania na Uholanzi, familia nyingi zilipata ng'ombe chotara wa maziwa, na baadaye zikajiunga katika vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1993 viliunda chama kikuu cha TDCU na baadaye kupata soko katika kiwanda cha Tanga Fresh. Chotara hutoa maziwa mengi kuliko ng'ombe wa asili, lakini pia hufa kwa ndigana upesi zaidi.

Kliniki nyingi, pale zinapokumbuka, huandika kuhusu kupe mvua zikishashika, jambo ambalo ni sawa na kufunga mlango wa zizi baada ya fisi kuingia. Kupe wakubwa huongezeka mvua zinapoanza, lakini kwa kuwa pwani haina baridi kali, kupe hupatikana mwaka mzima, na ujumbe unaosema kuwa kupe ni wa masika humpa mfugaji ruhusa ya kuliweka bomba lake la kunyunyizia juu ya kabati miezi mingine yote. Lililo muhimu zaidi kumweleza ni kwamba kupe akishajishika ngozini huchukua siku tatu hivi kabla ya kuanza kupitisha vimelea, na hapo ndipo anapoelewa kwa nini kunyunyiza mara moja kwa mwezi hakutoshi na kwa nini kila siku iliyocheleweshwa ina bei yake. Picha inayofaa kwa ujumbe huu haihitaji urembo wowote: sikio la ndama limegeuzwa nje, kupe wanaonekana ndani yake kama mbegu za mnyonyo, na kidole kinagusa tezi iliyovimba chini ya sikio, kwa sababu tezi hiyo ndiyo dalili ya mapema ambayo mfugaji anaweza kuitambua mwenyewe kwa mkono.

Chanjo ya ndigana, ambayo msingi wake ulitengenezwa Muguga nchini Kenya, inaonyesha jambo ambalo waandishi wa miongozo ya mitandao hawakuwahi kulifikiria. Ndama huchomwa vimelea hai na papo hapo huchomwa dawa ya oksitetrasaiklini inayodumu mwilini, ili augue kidogo, apone na abaki na kinga. Chanjo yenyewe hutunzwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, na mrija mmoja, ukishayeyushwa, una dozi za ndama 30 hadi 40 ambazo zinapaswa kutumika ndani ya saa chache, wala hauwezi kugandishwa tena. Mfugaji wa Pongwe au Maweni ana ndama mmoja au wawili. Kwa hiyo kabla mrija haujatolewa kwenye mtungi ni lazima ndama 30 wawe wamekusanyika mahali pamoja siku moja, na kuwakusanya ni kazi ya maneno. Hapo ndipo thamani halisi ya kundi la WhatsApp inapoonekana: linatumika kujaza mrija. Kwa mtazamo huu, kituo cha kukusanyia maziwa, ambako wafugaji hukutana kila asubuhi na madumu yao, kilikuwa mtandao wa kijamii kabla ya mitandao, na kliniki yenye busara hupeleka tangazo lilelile kote kuwili.

Hesabu hiyo, safari hii ya kichupa badala ya mrija, inaonekana kwa karibu zaidi katika mdondo wa kuku, ambao sehemu nyingine huitwa kideri. Chanjo aina ya I-2, ambayo nchini huzalishwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari na kufahamika kwa jina la TEMEVAC, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, na hutolewa tone moja katika jicho moja la kuku mwenye afya, kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Kinga yake huhitaji muda wa hadi wiki mbili kukomaa. Maana yake ni kwamba tarehe ya kuchapisha hupatikana kwa kuhesabu kinyumenyume: mwanzo wa miezi ambayo mdondo huzuka zaidi, utoe wiki mbili za kinga, utoe wiki nyingine moja ya kukusanya majina, na mahali hesabu inapoangukia ndipo ujumbe unapotoka, hata kama siku hiyo anga ni safi na hakuna kuku hata mmoja anayezubaa mtaani.

Ujumbe wenyewe unaweza kuwa mfupi kama huu: “Jumamosi, saa 12 hadi saa 3 asubuhi, mchanjaji atapita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu kuchanja kuku mdondo. Wafungieni kuku Ijumaa jioni. Kuku anayezubaa au anayeharisha kijani asichanjwe, tupigieni kwanza. Andika hapa chini idadi ya kuku wako kabla ya Alhamisi.” Hakuna sentensi moja humo iliyokaa bure. Kuku wa kienyeji wakishafunguliwa hawashikiki, ndiyo maana wanatajwa tangu Ijumaa. Kuku anayeumwa anatengwa kwa sababu akichanjwa na kufa, mtaa mzima utasema chanjo ndiyo iliyoua. Nayo idadi inayotakiwa kabla ya Alhamisi ndiyo inayoamua vichupa vingapi vinunuliwe. Inafaa maneno hayo yarekodiwe pia kuwa ujumbe wa sauti, usiozidi dakika moja ili usimalize bando, kwa sababu mara nyingi mwenye kuku ni bibi wa nyumba na mwenye simu ni mjukuu wake. Picha moja inatosha: kuku amelazwa ubavu, jicho likitazama juu, kichupa cha matone kimeshikwa wima na tone halijadondoka bado.

Kalenda ya mwezi mwandamo huleta hesabu ya aina nyingine. Mwaka 2017 Iddi ya kuchinja ilikuwa mwanzoni mwa Septemba, wakati wa ukavu. Mwaka 2023 ilifika mwishoni mwa Juni na mwaka 2025 mwanzoni mwa Juni, na kwa mwendo huo inaingia sasa ndani ya masika yenyewe, ambapo mbuzi husafirishwa kwa malori wakiwa wamelowa, wamesongamana na wamechoka, kisha huchanganywa na mbuzi wa nyumbani. Kliniki inayorudia machapisho ya miaka mitano iliyopita kwa kubadilisha tarehe tu itakuwa inatoa mashauri ya kiangazi wakati wa tope. Jambo la kutenga mbuzi wapya kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuwaunganisha na wengine, kwa kuhofia sotoka ya mbuzi na kondoo na homa za mapafu, sasa lina uzito kuliko lilivyokuwa. Zaidi ya hayo, fiqhi yenyewe imekwisha kumfanyia daktari nusu ya kazi, kwani mnyama wa udhuhiya hatakiwi kuwa chongo, kilema, mgonjwa wala aliyekonda kupita kiasi ilhali kasoro hizo ziko dhahiri, na mbuzi anatakiwa awe ametimiza umri uliowekwa. Chapisho linaloonyesha jinsi ya kutazama meno, macho, mwendo na nyama ya mgongo linahudumia ibada na afya kwa pamoja, na ni vigumu kulipata hilo katika mwongozo wa London. La kuongeza ni sharti la muda wa kusubiri baada ya dawa, yaani siku ambazo lazima zipite tangu mnyama achomwe dawa hadi nyama yake iliwe, na sharti hilo lisemwe mwezi mzima kabla.

Kwa upande wa Ramadhani pengine suala la saa ni kubwa kuliko la maudhui. Ujumbe unaotumwa saa 11 jioni, wakati kila mtu yuko jikoni au njiani, huzama chini ya salamu na dua, ilhali ule wa baada ya Tarawehe humkuta msomaji ametulia.

Kichaa cha mbwa kina siku yake rasmi, na hapo kishawishi cha kuiga ni kikubwa, maana kurasa za nje hujaza picha za mbwa waliokumbatiwa. Katika miji ya pwani, ambako wengi hawaingizi mbwa ndani na bado mbwa wa ulinzi na wa kuzurura ni wengi, hoja inayosikika ni usalama wa mtoto anayekwenda madrasa alfajiri. Maneno mawili yanatosha: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha hospitali bila kuchelewa, na mbwa wachanjwe hadi angalau 70 kati ya kila 100. Pemba, iliyo ng'ambo ya mkondo wa bahari kutoka Tanga, inatoa ushahidi ulio karibu: baada ya kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 2010 ugonjwa ulitoweka kisiwani mwaka 2014, ukaingizwa tena kutoka nje mwaka 2016, na ukaondolewa kwa mara ya pili mwaka 2018. Simulizi hilo lina nguvu kuliko takwimu za dunia nzima, na kila nahodha wa Pangani anajua umbali wake.

Lipo pia kundi la ujumbe usiofungwa na mwezi wowote, nao ni ule wa Homa ya Bonde la Ufa, ambayo mbu huianzisha pale mafuriko yanapoamsha mayai yaliyolala ardhini kwa miaka mingi. Katika mlipuko wa mwaka 2007 watu zaidi ya 140 walikufa nchini Tanzania, na mvua zilizotangulia zilikuwa si za kawaida. Ujumbe huu huandikwa mapema na kuwekwa kabatini, kisha hutolewa pale Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza mwelekeo wa vuli au masika yenye mvua za kupindukia: mimba za mbuzi zikitoka kwa wingi kwa mpigo, mtu asizishike kwa mikono mitupu wala asichinje, atoe taarifa kwa afisa mifugo.

Kuhusu dawa za viuavijasumu, ambazo wiki yake ya uhamasishaji duniani ni tarehe 18 hadi 24 Novemba na hivyo huangukia katikati ya vuli, kliniki isichapishe kipimo cha dozi hata ikiombwa. Kipimo kikishakuwa kwenye simu hakirudi, na kitatumiwa na mtu mwingine kwa mnyama mwingine mwenye ugonjwa mwingine.

Linabaki swali la kupima mafanikio ya ujumbe. Idadi ya waliopenda picha haisemi lolote kuhusu mdondo, kwa kuwa anayebofya anaweza kuwa Arusha au Muscat na hana kuku. Kipimo kiko ndani ya kichupa: jioni ya siku ya chanjo, dozi zilizobaki humwagwa, na idadi yake huandikwa kwenye daftari la kliniki pembeni ya tarehe ambayo ujumbe ulitumwa.