Mguu wa Nyuma Ukitetemeka: Jinsi ya Kumpima Punda Mzee

Punda wa mkokoteni wa maji huko Mukuru kwa Reuben akianza kutetemeka mguu wa nyuma, wengi hukimbilia kuukanda mguu huo huo. Huenda mwenye kosa ni mwenzake.

Punda na farasi wana komeo la asili: pia ya goti la nyuma hunasa kwenye ukingo wa mfupa wa paja, mnyama akasimama saa nyingi bila kuchosha misuli. Miguu ya nyuma hupokezana, mmoja ukibeba mwingine unapumzika. Mmoja ukiuma, zamu huvunjika na mzima huchoka hadi kutetemeka.

Kwa hiyo mpime hatua kwa hatua, akiwa kwenye ardhi tambarare, hana mzigo. Kwanza mtazame amesimama. Akitetemeka miguu yote miwili, shuku uchovu, njaa au meno mabovu yasiyosaga chakula. Kisha inua mguu mmoja. Ukitetemeka ule uliobaki chini, huenda huo ndio dhaifu au umechoka kwa kubebea mwenzake. Ukitetemeka ulioinuliwa, huenda viungo vyake vinauma kukunjwa. Mwisho mrudishe nyuma na umzungushe duara dogo. Akiburuta ncha za kwato, akiyumba au kupishanisha miguu, shuku uti wa mgongo na umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kumkata kwato kuna ufundi wake. Goti la nyuma na kifundo kilicho chini yake hukunjika pamoja, kwa hiyo kuinua mguu juu ni kuvitesa vyote viwili. Uinue kidogo tu, uwe chini ya tumbo, usiuvute pembeni. Kata kidogo, ushushe, apumzike, kisha uendelee.

Tazama pia magoti ya mbele. Punda hupata usingizi mzito akiwa amelala chini tu. Mzee anayeogopa kulala kwa maumivu husinzia wima, akaanguka na kujichubua hapo.

Dawa usibahatishe: fenilbutazoni, ya kutuliza maumivu, hutoka mwilini mwa punda haraka kuliko kwa farasi, hivyo ratiba ya farasi haimfai.

Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumfanyisha kazi mnyama asiyeiweza. Anayetetemeka hata bila mzigo hana kazi ya kufanya leo. Mfungue mkokoteni kwanza, ndipo utafute daktari.