Rubani wa Mikokoni

Ramani ya delta ya Rufiji inasomeka vizuri ukiwa umekaa Dar es Salaam. Mto unashuka kutoka magharibi, unafika nyanda za chini, kisha unagawanyika katika matawi yanayopita katikati ya mikoko hadi Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia. Kila tawi lina mstari wake wa buluu. Ila ramani hiyo haisemi ni saa ngapi, na mikokoni njia isiyo na saa yake haimfikishi mtu. Mkondo uliopita asubuhi bila kugusa chini, mchana utaukuta ni uwanja wa tope, ndege wanatembea katikati yake wakitafuta chakula, na boti iliyochelewa imelala ubavu ikingoja bahari irudi.

Kwa hiyo namsifu rubani, mtu anayekaa tezini, mkono mmoja kwenye mashine na macho mbele. Watalii wengi humwita dereva wa boti. Jina hilo halimtoshi. Dereva hukuta barabara imeshatengenezwa na imesimama pale pale jana na leo. Huyu njia yake huzaliwa na kufa mara mbili kwa siku, naye inampasa aijue katika kila hali.

Delta hii ndiyo yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote nchini Tanzania. Hesabu zinazotumika sana huuweka kwenye hekta 53,000 hivi, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, na tangu 2004 umo katika eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa lililoandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mgeni aliyeshuka kwenye gati la Nyamisati na kupanda boti ya faiba hazioni hekta hizo. Anaona kuta mbili za kijani na maji ya rangi ya udongo katikati. Baada ya kona ya tatu hajui tena bahari iko upande gani. Rubani anajua. Na mara nyingi kitu cha kwanza anachokifanya ni kukataa kuondoka.

"Nahodha, mbona hatutoki?"

"Maji bado, mama. Subiri yapande kidogo."

Katika kungoja huku ndipo kazi yake inapoanza, ingawa abiria hudhani bado haijaanza. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Anayetumia saa ya ofisini atapotea ndani ya juma moja. Rubani huhesabu usiku wa mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, anajua bamvua inakuja, bahari itapanda sana na kushuka sana, na tofauti ya maji ya juu na ya chini inaweza kupita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana, na iko mikondo ambayo siku hizo haipati kina cha kutosha mtumbwi wenye mzigo, hata maji yakiwa yamejaa kadiri yanavyoweza. Hesabu hiyo inatosha kwa mvuvi wa pwani iliyo wazi. Mikokoni inabaki nyingine. Maji yakijaa mlangoni mwa bahari, ndani bado yanapanda, kwa sababu mawimbi ya kujaa yanahitaji muda kuzunguka kona zote. Na wakati wa masika mto unaposhuka na nguvu zake, maji ya kutoka hukaa muda mrefu na huenda kasi kuliko ya kuingia. Hesabu mbili, ya mwezi na ya mvua zilizonyesha mbali huko bara, lazima zikutane kichwani mwa mtu mmoja kabla hajavuta kamba ya mashine.

Sehemu ya ujuzi huu inayonistaajabisha kuliko zote ni ile ya mahali maji yanapokutana. Mkondo mdogo unaounganisha matawi mawili una milango miwili. Bahari inapojaa, maji huingia kwa milango yote miwili, na mahali fulani katikati yanagongana na kusimama. Maji yaliyosimama hayabebi kitu. Tope lote yaliyokuja nalo linatua hapo. Kwa hiyo mkondo huo huwa na kina kizuri huku na huku, na katikati pana kizingiti kisichoonekana. Mgeni mwenye mashine kubwa huingia akiona maji mengi, huenda kwa furaha, kisha hukwama. Rubani huingia na maji yanayojaa, yanamsukuma mpaka kwenye kizingiti. Hukivuka wakati maji yamejaa na kusimama. Halafu upande wa pili maji yanayoanza kutoka humpokea na kumshusha. Ameendeshwa na bahari huku na huku, naye mafuta hakuyachoma. Ni ufundi usioacha alama yoyote. Abiria atasema tu kwamba safari ilikuwa nyepesi.

Penye shaka, yeye husoma. Husoma uso wa maji: mikunjo midogo inayokwenda kinyume na mkondo ni dalili ya gogo lililozama, mstari wa povu huonyesha maji ya kasi yanapopita, na pale uso unapotulia ghafla bila sababu huenda tope liko karibu. Husoma ukingo. Upande wa nje wa kona maji huchimba, miti imeinama na mingine imeanguka, na huko ndiko kwenye kina; upande wa ndani tope linatulia na miche michanga ya mikoko imeanza kushika. Mwenye haraka hukata kona. Rubani huzunguka nayo, na abiria asiyejua humwona anapoteza muda.

Kisha husoma miti yenyewe. Mlilana husimama mbele kabisa, mahali pa bahari na mawimbi. Mizizi yake ya kupumulia ni minene na myepesi, na wavuvi wa mwambao wamekuwa wakiichonga kuwa maboya ya nyavu. Mkoko huteremsha mizizi yake kutoka kwenye shina na matawi hadi ikite topeni, na mbegu yake huchipua ikiwa bado juu ya mti, ikaning'inia kama upanga wa kijani mpaka siku itakapodondoka. Mchu huchomoza vijizizi wima vyenye unene wa penseli, maelfu kwa maelfu, na hutoa chumvi kwenye majani yake. Rubani atalichuma jani moja na kumpa mtoto alirambe, na mtoto huyo hatalisahau. Mkandaa hukaa nyuma, mahali pasipofikiwa na maji kila siku. Ukianza kuona msikundazi, mti wa majani mapana yenye rangi ya fedha kwa chini na mizizi mipana iliyosimama kama kuta shinani, fahamu umepanda juu, maji ya mto yameanza kuizidi nguvu bahari. Mwenye macho hayo haulizi yuko wapi.

Na wapo wanaoizima mashine. Kwangu mimi hapa ndipo rubani bora hutengana na rubani wa kawaida. Akifika kwenye kijito chembamba hunyanyua mashine, huchukua pondo, husimama wima na kuikita chini bila kishindo. Pondo ni mti mrefu tu, lakini mikononi mwake inampa habari: hapa ni mchanga, hapa ni tope laini la kumeza mti nusu, hapa kuna mizizi. Kwa pondo boti huenda taratibu na wakaazi wa mahali hapo hawakimbii. Kaa koko hubaki mlangoni mwa shimo lake. Vile visamaki vinavyotambaa juu ya tope kwa mapezi vinaendelea kugombania nafasi. Mdiria hahami kutoka kwenye tawi lake. Abiria anaona, kwa macho yake, mahali ambapo kamba wa Rufiji wanakulia kabla hawajatoka kwenda bahari kubwa na kuishia soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Mashine ya nguvu za farasi arobaini ingempitisha hapo kwa dakika mbili akiwa ameona matope tu.

Historia nayo imepita katika mikondo hii, na ilipitishwa na watu wa aina hii. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikarudi kujificha katika delta ya Rufiji. Wajerumani walikuwa wameipima mikondo hiyo. Waingereza hawakuwa na ramani yenye manufaa, na meli zao kubwa zilibaki nje zikilinda milango. Waliomba msaada wa mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini, P. J. Pretorius, aliyeingia mikokoni akiwa na wenyeji na mitumbwi, akaitafuta meli ilipo, kisha akapima kina na kujaa na kupwa kwa maji. Ndipo zikaletwa Severn na Mersey, manowari zisizohitaji kina kikubwa cha maji, ambazo awali ziliundwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 halikufaulu. La tarehe 11 Julai liliimaliza Königsberg. Mizinga yake kumi ilitolewa majini na ikaburutwa katika vita vya nchi kavu. Mmojawapo umewekwa Fort Jesus, Mombasa, watoto wa shule hupiga picha mbele yake.

Tunalijua jina la nahodha wa meli ile, Max Looff. Tunalijua jina la mwindaji. Mzinga umehifadhiwa. Wale walioshika pondo, waliojua mkondo gani unapitika usiku na upi utakunasa hadi mchana, hawakuandikwa. Manowari mbili zilizovuka bahari kuja kupigana zilitegemea habari iliyotoka vichwani mwao. Naona ni deni, na bado halijalipwa.

Ujuzi huo haukuanza na vita wala na watalii. Ulikua katika kazi. Kwa vizazi vingi majahazi yalichukua boriti kutoka delta hii kwenda Zanzibar na hadi Arabuni na Ghuba, ambako miti ya mikoko ya kwetu ilishikilia dari za nyumba. Magome yalivunwa kwa ajili ya kutia ngozi dawa. Serikali ya Wajerumani iliitangaza mikoko hii kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1898, na tangu hapo kukata mti kumekuwa na sheria zake zinazokaza na kulegea. Pamoja na boriti kulikuwa na kamba, kaa, samaki, na mpunga katika sehemu ambako bahari ikijaa huyainua maji baridi ya mto hadi mashambani. Mtoto wa delta aliingia mikokoni akiwa na upo mkononi, akiyakumba maji yaliyoingia ndani ya mtumbwi huku mkubwa wake akiongoza. Baadaye alipewa kafi. Kisha pondo. Usukani ulikuja mwisho, siku ambayo mkubwa wake alinyamaza tu akamwachia. Hakuna chuo kilichotoa cheti.

Leo ujuzi huu unajaribiwa vikali. Delta haijawahi kukaa mahali pamoja. Katika miongo ya karibuni maji mengi ya mto yamehamia matawi ya kaskazini, na yale ya kusini yamezidi chumvi. Sasa kule juu kuna Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Umeme wake nchi inauhitaji, silalamiki juu ya hilo. Lakini bwawa lolote hubakiza nyuma yake mchanga na tope ambavyo zamani vilishuka hadi baharini kuijenga delta, na hubadilisha majira ya maji. Mwaka 2024 mafuriko makubwa yaliingia Rufiji na Kibiti yakafunika mashamba na makazi. Baada ya maji ya namna hiyo, kizingiti kilichokuwa hapa kinaweza kuhamia pale, na gogo jipya linaweza kulala katikati ya njia ya zamani. Watakaojua kwanza ni wale wanaopita kila siku na pondo zao. Mtafiti anayetaka kufahamu delta inabadilikaje angeanza vizuri kwa kukaa nao kwenye gati la Nyamisati.

Nimeona pia jambo lisilopendeza. Bei ya safari hupangwa na kulipwa mbali na maji, na rubani huletwa mwisho, apewe ujira wa siku pamoja na mtu wa kubeba maji ya kunywa. Wapo hata wanaoleta vijana wa mjini wanaojua kuendesha boti kwa kasi na kusema lugha tatu, wasiojua wapi maji yanakutana. Lugha tatu ni jambo zuri na ningependa kila kijana wa delta azipate. Ila boti ikikwama na maji yanatoka, zitatumika kuombea msamaha tu.

Kwa hiyo natoa ombi kwa wanaopanga safari hizi na kwa wanaozinunua. Mtafuteni rubani kwanza, aliyezaliwa na kufanya kazi ndani ya delta, na yeye ndiye apange siku na saa ya kuondoka. Akisema maji bado, ngojeni. Akishauri mzime mashine, kubalini. Jina lake liandikwe kwenye karatasi ya safari juu ya majina mengine yote, na malipo yake yawe ya mtaalamu, kwa kuwa ndivyo alivyo.